Mama Aliyetoka na Ndoo

Jumapili, 2 Machi

Tumefika, na mvua imetutangulia. Nyumba tuliyokodishiwa iko nyuma ya duka la fotokopi, ng'ambo ya geti la chuo kikuu: vyumba vitatu, na sebule yenye kapeti lililolowa pembeni. Tuko wanne. Mwinjilisti ndiye kiongozi wa safari. Kuna mkewe, ambaye kanisa zima tunamwita Mama. Kuna Mpiga Gitaa, kijana asiyenyamaza hata akiwa anatafuna. Na mimi, msusi.

Miaka yote kanisa letu lilituma huku watu waliosomea kuhubiri, na wanafunzi wakawa wanawakimbia. Mwaka huu wazee wakasema wapelekwe pia wenye kazi za mikono. Kwenye basi Mwinjilisti aliniambia, "Wewe usihangaike kuhubiri. Suka tu, fanya urafiki. Mtu akikuachia kichwa chake nusu siku, atakuachia na moyo." Nikamwambia inategemea na mtindo. Hakucheka.

Wenyeji wanaongea lugha yetu, ila wanayakokota maneno mpaka unatamani kuwasaidia kusukuma. Nimejionya kwamba nchi ni ya watu, na aliyekuja ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hajaja mtu. Nimemsuka Mama, nimemfumua, nimemsuka tena.

Jumamosi, 8 Machi

Kibao tulichokiweka nje kinasema wanafunzi wanasukwa bure. Leo wamekuja watatu. Wa tatu alisimama mlangoni na mwavuli uliovunjika mbavu, akakisoma kibao kwa sauti kama anasoma hukumu.

"Bure?"

"Bure."

"Bure ni ghali, dada. Mnataka nini?"

"Leo nataka kichwa chako. Ya kesho siyajui."

Akacheka, akaketi. Anasoma sheria, mwaka wa tatu, na nimeshampa jina la Wakili. Sijamaliza mstari wa pili alikuwa ameshaniuliza nani anatulipia nyumba, kwa nini nimekubali kusuka bila ujira na mimi ni fundi, na kama kwetu wenye dhambi wamekwisha mpaka tuvuke mpaka kutafuta wengine. Nikamvuta nywele kidogo kwa hilo la mwisho. Akasema, "Shambulio la mwili, mbele ya mashahidi," na wale wasichana wawili wakaangua kicheko.

Alipoondoka sebule ilipwaya. Nimempenda. Naandika kama ilivyo.

Jumatano, 12 Machi

Lazima nieleze duara, maana ndilo linaloninyima raha.

Kila jioni baada ya chakula tunavuta viti sebuleni, tunakaa duara. Kila mmoja anasema leo amekutana na nani, anapitia nini, amefikia wapi. Kisha tunamwombea mtu huyo kwa jina. Hii ndiyo kazi yenyewe, anasema Mwinjilisti. Kusuka na gitaa ni mlango tu. Sipingi. Nimelelewa kwenye maombi, na mambo niliyoyaona yakijibiwa si haba.

Ila mimi nimefundishwa kazi na shangazi yangu, na saluni kwake kulikuwa na sheria moja: linalosemwa kitini linabaki kitini. Mwanamke akishainamisha kichwa hakuoni uso, anaongea kama aliye peke yake. Siku nilipotoa nje habari za mteja, shangazi alinitoa nami nje, na kitana changu mkononi.

Leo ilipofika zamu yangu nikasema, "Wakili bado anabisha."

"Anabisha nini?" akauliza Mwinjilisti.

"Kila kitu. Hata bei ya bure."

Mpiga Gitaa akacheka. Yeye ameshaleta wawili kwenye ibada ya wanafunzi. Mwinjilisti akaniambia kwa upole, "Anayebisha yuko karibu. Mchimbe, binti yangu." Neno hilo la kuchimba limenikaa vibaya.

Jumapili, 16 Machi

Ibada ya wanafunzi inafanyika kwenye ukumbi wa mihadhara. Waliojaa ni wasichana wa bweni la karibu, na mbele yao anaketi Matroni, msimamizi wa bweni hilo, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni. Anaimba kuliko wote. Akigeuka, vicheko vya nyuma vinakauka. Wakili hakuja. Ananiambia yeye na Mungu wana kesi inayoendelea, si vizuri kukutana nje ya mahakama.

Jumanne, 18 Machi

Wakili alikuja adhuhuri bila kuketi. Akaniuliza kama ninanyoa.

"Nanyoa. Wewe? Hizo nywele nimezitesekea."

"Si mimi. Chukua mashine yako, twende. Na usiniulize njiani."

Tukapita geti, tukapanda bwenini muda ambao Matroni yuko kwenye kikao. Chumba cha ghorofa ya pili, vitanda vya juu na chini, meza mbili, kamba ya nguo katikati. Mwenzake wa chumba alikuwa mlangoni akilinda. Kwenye kitanda cha chini alikaa mwanamke aliyejitanda kanga, mwembamba, macho makubwa kama ya Wakili.

"Mama yangu," akasema Wakili. "Ana saratani. Kila Jumatatu anatundikiwa dripu hospitali, halafu wanamwambia aende nyumbani. Nyumbani ni safari ya siku mbili. Hapa mjini hatuna ndugu."

Yuko mle tangu mwezi wa pili. Wakili analala sakafuni. Alfajiri wafagiaji wakiingia, mama anajifunga kanga kiunoni, anachukua ndoo na fagio, anatoka nao kama mmoja wao, kisha anashinda kwenye mabenchi ya hospitali mpaka jioni. Siku ambazo hana nguvu anabaki kitandani, na Wakili anafunga mlango kwa nje. Mgeni akikutwa amelala bwenini, mwanafunzi anafukuzwa humo siku hiyo hiyo, na mgeni wake pamoja naye.

Nilimnyoa. Nywele zilikuwa zinatoka zenyewe, nilikuwa naziokota tu. Mama wa Wakili hakulia. Alijipapasa kichwa kilipobaki kitupu, akasema, "Hivi nikienda kwa wafagiaji wataniambia nimepanda cheo?"

"Watakupa bweni zima, mama," nikamwambia.

"Basi mwanangu, nitaanza na ngazi. Hizo ngazi za hapa ni chafu, wanangu hawa wanasoma sheria lakini hawasomi vumbi."

Ngazini Wakili akanishika mkono. Sijawahi kumwona bila maneno ya ziada. "Usimwambie mtu. Hata hao watu wako wa maombi. Hasa hao."

Nikamwahidi.

Ijumaa, 21 Machi

Kwenye duara nimesema sina jipya. Mwinjilisti akanitazama kwa muda. "Una mzigo," akasema. Nikasema ni mgongo, kazi ya kusimama.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua haikatiki. Mama wa Wakili ametundikiwa dripu leo. Duarani: sina jipya. Mpiga Gitaa sasa ana watano.

Jumatano, 26 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wakili alikuwa na mtihani wa asubuhi, akaniomba nikae na mama yake. Nilimkuta anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nilipomgusa, mkono ulirudi wenyewe kwa joto. Alitapika mara mbili kwenye ndoo ile ile. Nje nasikia funguo za Matroni zikipita korido, na mimi nimemziba mama mdomo kwa kiganja changu ili asikohoe. Nimefanya hivyo. Nimemziba mdomo mgonjwa. Alinitazama juu ya kiganja, akanipigapiga mkono kunituliza, yeye aliyekuwa anaungua.

Funguo zilipoisha nikamlowesha kitambaa, nikaomba kimya kimya, nikaona maombi yangu ni madogo mno. Wakili alirudi mbio, tukamtoa kwa mlango wa nyuma wa jikoni mpaka hospitali. Wamempa sindano, wanamwangalia mpaka kesho.

Nimerudi nimelowa. Duara lilikuwa linaanza. Mwinjilisti akauliza, "Na wewe, binti?" Nikalia, kisha nikasema yote: bweni, kitanda cha chini, fagio, dripu, homa. Niliamini watu wanne wakimwita Mungu ni zaidi ya mmoja. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu tufike nilikuwa na la kusema, na wote walininyamazia wakinisikiliza, na nikapenda.

Wamemwombea kwa machozi. Mama alipiga magoti kwenye kapeti lililolowa. Mwinjilisti akasema, "Hili halitoki hapa."

Ijumaa, 28 Machi

Homa imeshuka! Amerudi bwenini, ameshuka ngazi na ndoo yake leo alfajiri kama kawaida. Wakili alikuja akanikumbatia mpaka nikaangusha kitana. Mwinjilisti anaimba tangu asubuhi. Sijamwambia Wakili kwamba nimewaambia. Nitamwambia. Si leo, leo ana furaha.

Jumapili, 30 Machi

Nimefumba macho, nimefumbua, bado ni leo.

Ukumbi ulijaa. Mpiga Gitaa aliimbisha vizuri, mvua ikipiga bati, watu wamesimama. Mwinjilisti alihubiri kwamba Mungu anawaona waliofichwa. Nilijiambia hapana, alisema halitoki.

Kisha akaanza kuomba. Mwinjilisti akiomba si yule tunayekula naye. Anafumba macho, anainua mikono, sauti inampeleka inakotaka yenyewe. "Bwana, wewe uliyeshusha homa Alhamisi! Wewe unayemwona mama yule aliyelazwa kwenye kitanda cha mwanawe, hapa hapa chuoni, bwenini! Mama anayetoka alfajiri na ndoo ya mfagiaji ili apate dripu yake! Bwana, mfunike mama huyu, asionekane na adui!"

Watu wakaitikia amina kwa kishindo. Kisha amina zikapungua, moja moja, kwa mistari, kadiri kila mmoja alivyokuwa anaelewa. Vichwa vikaanza kugeuka. Mwenzake wa chumba wa Wakili alisimama katikati ya maombi, akatoka akikanyaga miguu ya watu. Matroni alikuwa bado amefumba macho, mikono juu. Lakini hakuitikia tena.

Usimwage mtama penye kuku wengi, tulifundishwa tukiwa wadogo. Sisi tuliumwaga na kuwaita kuku.

Nje nilimshika Mwinjilisti koti. "Ulisema halitoki pale."

"Sikutaja jina," akasema, na nikaona kweli haelewi. "Nilikuwa naongea na Mungu, binti yangu. Si na watu."

"Matroni alikuwa mstari wa mbele."

Akatazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Nimekwenda bwenini, mlinzi amenizuia. Simu ya Wakili imezimwa.

Jumatatu, 31 Machi

Walimsubiri atoke kwenye dripu.

Saa kumi jioni nilikuwa getini, mvua ya kumwaga. Begi la mama lilikuwa limeshawekwa kwenye kibanda cha mlinzi, na kanga zake zimekunjwa juu yake. Wakili alikuwa amesimama kando akiwa na karatasi ya bweni mkononi, imelowa. Amepoteza kitanda mpaka mwisho wa mwaka, na mwenzake wa chumba ameandikiwa onyo. Mitihani mikuu ni mwezi wa sita. Mama yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, plasta ya sindano bado mkononi.

Wakili aliniona. "Uliniahidi."

"Mama yako alikuwa anakufa. Niliogopa. Tuliomba."

"Mliomba." Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. "Mungu alikuwa hajui? Mpaka atangaziwe mbele ya Matroni?"

"Nisamehe."

"Dripu zimebaki tatu. Tatu! Angemaliza, angeondoka, hakuna ambaye angejua. Sasa atalala wapi? Niambie. Wewe mwenye maneno."

"Kwetu. Kitandani kwangu."

"Heri alale kwenye benchi."

Mama yake ndiye aliyekata shauri. "Mwanangu," akamwambia Wakili, "hasira yako nimeiona, ni ya haki. Lakini haina paa. Niinueni." Akanyoosha mikono miwili, mmoja kwake na mmoja kwangu, na tukatembea hivyo, yeye katikati, sisi tusiotazamana.

Mlangoni Mwinjilisti alisimama. Mkataba wa nyumba unasema watu wanne, hakuna mgeni wa kulala. Mwenye nyumba akijua, kanisa linapoteza nyumba na vibali vyetu. Alianza kueleza hivyo, kwa adabu, huku maji yanatuchuruzika. Mama, mkewe, alitokea nyuma yake akifuta mikono.

"Baba, jana ulimwomba Mungu amfunike mtu," akasema. "Huyo hapo. Sogea apite."

Mwinjilisti akasogea.

Jumatano, 2 Aprili

Nalala sebuleni. Wakili amehamia kwa rafiki yake mbali huko, anatembea kwa miguu kuja kumwona mama yake. Anamsalimia Mama, anamsalimia Mwinjilisti kwa kichwa, hata Mpiga Gitaa anapata "mambo". Mimi ananipita kama mlango.

Alhamisi, 3 Aprili

Kama mlango.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwinjilisti alimpeleka mama hospitali yeye mwenyewe, mwavuli juu ya mama, yeye kalowa. Akakaa naye benchi mpaka dripu ikaisha. Alirudi akaosha beseni la matapishi bila kuagizwa na mtu. Hilo ndilo linalonichanganya. Angekuwa mtu mbaya ningelala.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo amekuja Matroni. Nilipofungua mlango nikataka kuufunga. Alikuwa na blanketi jipya kwapani.

"Sikuja kukamata mtu," akasema. "Mgonjwa yuko wapi?"

Walikaa chumbani wakiongea kama mashoga, nikasikia hata kicheko. Alipotoka alinikuta nachana rasta za kusukia. Akasimama akaniangalia kutoka juu.

"Wewe ndiye msusi?"

"Ndiyo, mama."

"Unadhani mimi ni kipofu? Miaka yote hii kwenye bweni, wafagiaji wangu siwajui? Tangu mwezi wa pili namwona mwanamke anashuka na ndoo kavu. Kavu! Nani anadeki na ndoo kavu?" Akavuta pumzi. "Nikasema, Matroni, tazama pembeni. Nikawa natazama pembeni kila alfajiri. Siku ile ya homa nilisikia kitanda kinagonga ukuta. Nikapita na funguo kwa kelele, ili mjue nipo na mimi nijue mpo, nikaenda zangu."

Niliweka rasta chini.

"Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu. Nyie mkanifumbua mbele za watu mia mbili. Jumatatu asubuhi mkuu wa mabweni kanipigia simu, kasikia. Nimfiche vipi mtu ambaye ukumbi mzima umemwitikia amina?"

Funguo zake zililia mpaka nje ya geti. Mwezi mzima nilikuwa namwogopa mwanamke ambaye peke yake alijua kunyamaza.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemweleza Mwinjilisti maneno ya Matroni. Akala nusu ya chakula chake. Kisha jioni duarani akasema Mungu hugeuza ubaya kuwa wema, maana sasa mama amelala chini ya paa letu na ameanza kusali nasi. "Hii ni habari ya kupeleka nyumbani," akasema. "Kanisa litalia."

Ilipofika zamu yangu nikasema sina jipya. Nitasema hivyo mpaka tuondoke.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikuwa nampaka mama mafuta kichwani. Nikamwambia yote, hata lile la kupenda kusikilizwa. Alinisikiliza amefumba macho.

"Mdomo huponza kichwa," akasema. "Umeona chako kimekaa salama, kilichoponzwa ni cha mwanangu. Hapo ndipo shida."

"Wewe huna hasira, mama?"

"Ninayo. Nimeiweka, nina kazi ya kupona kwanza." Kisha akasema, "Paka na nyuma ya sikio."

Jumatatu, 21 Aprili

Dripu ya mwisho. Mvua nayo imeanza kukatika, asubuhi kulikuwa na jua la kuanika nguo. Daktari amesema aende nyumbani, arudi baada ya miezi mitatu wapime tena. Hakuna aliyesema amepona. Hakuna aliyesema vinginevyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumemsindikiza stendi. Wakili alimwekea begi, akamfunga kanga shingoni mara tatu. Kabla ya kupanda, mama alimnong'oneza kitu kirefu. Wakili alitikisa kichwa kukataa. Mama yake akarudia. Basi likaondoka. Nikasema, "Afike salama." Wakili akaondoka kwa miguu, mimi na Mama tukabaki kutazama mgongo wake.

Jumatatu, 28 Aprili

Keshokutwa tunaondoka. Nilikuwa nafungasha vitana vyangu, kivuli kikasimama mlangoni.

"Mama yangu ndiye amenituma," akasema Wakili. "Amesema nisiingie kwenye mitihani na nywele hizi."

Akavuta kiti, akaketi, akainamisha kichwa.

Nilimsuka mistari midogo, ile ya kukaa muda mrefu. Nimesuka vichwa vingi maishani. Kuna vinavyolala, vinavyolia, vinavyosengenya. Hiki kilikuwa kinanibishia tangu siku ya kwanza, na leo hakikusema neno. Nilimuuliza kama naumiza, akatikisa mabega. Nilimwambia geuka, akageuka. Chini ya vidole nilihisi joto la kichwa chake na mshipa wa kisogoni unaopiga, na ilikuwa kama nimekabidhiwa vyote isipokuwa yeye. Nililia sehemu ya nyuma, ambako hawezi kuniona. Nadhani alijua, maana chozi moja lilimdondokea shingoni na hakulifuta.

Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo upande huu, upande ule. Akatoa pesa, bei kamili ya mtaani, akaiweka mezani. Nilipotaka kuirudisha alinizuia kwa kidole.

"Nilikuambia siku ya kwanza. Bure ni ghali."

Akafika mlangoni, akageuka. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu getini.

"Mkifika kwenu mtasimama kanisani mtoe ushuhuda?"

"Ndiyo. Ni desturi."

"Na mama yangu atakuwemo?"

"Kwa mdomo wangu, hapana."

"Uliniahidi na lile la kwanza," akasema. Hakusema kwa ukali. Akaenda.

Jumapili, 4 Mei

Nyumbani. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wameletewa mabenchi. Mpiga Gitaa alitoa ushuhuda wake, wanafunzi kumi na mmoja, majina yote na makofi. Kisha Mwinjilisti akashika kipaza sauti. Kwa siku tatu nilikuwa nimemwomba aliache jambo lile. Kila mara aliniambia hatataja jina, na kwamba watu waliotoa sadaka zao wana haki ya kujua Mungu ametenda nini.

"Dada yetu msusi," akasema, uso wake unang'aa kwa furaha ya kweli, "njoo uwaambie watu wa Mungu habari za yule mama."

Shangazi yangu alikuwa mstari wa pili. Nilisimama. Kanisa zima lilinyamaza, kanga zikiwa tayari mkononi kwa ajili ya machozi. Najua ukimya ule. Niliupenda siku ile sebuleni, na nikiri kwamba hata leo ulinivuta.

"Tunashukuru kwa maombi yenu," nikasema. "Wanafunzi ni wazima. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili."

Nikataka kurudisha kipaza sauti. Mwinjilisti aliinama, akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kila mtu akasikia: "Na yule mama, binti? Mama wa bwenini."

Nikamtazama. Nikawatazama watu wote wale, wazee walionituma, watoto wa jumuiya walionichangia nauli.

"Mama yupi?" nikauliza.

Akafumbua mdomo, akaufumba. Sijawahi kusema uwongo madhabahuni, na sikutetemeka. Nikampa kipaza sauti chake, nikarudi mahali pangu, nikaketi.